Nyumba Iliyokuwa Ikipumua Alfajiri

Nyie vijana mna bahati, mnaiuliza simu mnajibiwa. Sisi tulikuwa tunaiuliza sakafu. Miaka ishirini na mbili nimepiga magoti kwenye besimenti za watu, vile vyumba vya chini ya nyumba, Maryland, Virginia na D.C. yenyewe, nikitega sikio sakafu inasema nini. Haya magoti mnayoyacheka nikipanda ngazi ya kanisa yamegusa saruji nyingi kuliko mwiko wa fundi. Mke wangu anasema nikifa nisipelekwe makaburini, niwekwe besimenti tu, nitajisikia nyumbani.

Kazi yenyewe ilikuwa kupima radoni. Nitawaeleza kama nilivyoelezwa, maana mimi shule niliishia darasa la nne, na hilo la nne nililisoma siku ambazo ng'ombe walikuwa wagonjwa. Radoni ni gesi. Haina rangi, haina harufu, na haibishi hodi. Inatoka kwenye mawe chini ya ardhi, inapenya nyufa za sakafu, inaingia ndani na kukaa. Huko nje upepo unaitawanya, haina neno. Ila kwenye nyumba iliyofungwa inajazana kama ndugu waliosikia umepata kazi. Ukiivuta miaka na miaka inaweza kukuletea saratani ya mapafu, na mvuta sigara ndiyo anakoleza moto kwa petroli. Wataalamu wa nchi hii wanasema namba ikifika nne, tengeneza nyumba. Nne ya nini? Kipimo chenyewe kina jina refu kama treni ya Kigoma. Mimi miaka yote nilikiita namba, na hakuna aliyenifukuza kazi.

Aliyenifundisha ni Mzee Mukendi, Mkongo wa Kolwezi. Alichimba shaba kule mpaka mapafu yakaomba likizo, halafu akaja huku, akasoma, akapata cheti, akafungua kampuni yake pale Lanham: gari moja, ngazi moja, na mimi. Alikuwa akisema kule kwao yeye ndiye aliyekuwa anaishukia gesi, huku gesi ndiyo inapanda kuwafuata watu, kwa hiyo amebadilisha upande tu, adui ni yuleyule.

Enzi zile za mwanzo tulipima kwa vikopo vya mkaa. Unaweka kikopo mahali watu wanapokaa, si juu ya jokofu wala chini ya dirisha, unakiacha wazi siku kadhaa, kisha unakifunga na kukituma maabara. Kazi rahisi, ila binadamu hawakutaka iwe rahisi. Bwana mmoja alikifanya cha kuzimia sigara. Mama mmoja alikiona cheusi, akang'arishia viatu vya mume wake vya harusi. Maabara wakatuuliza kwa adabu hii radoni yenu mbona inanukia kiwi. Siku hizi kuna mashine inayoandika namba kila saa, na ukiisogeza inaandika kwamba umeisogeza. Mchonganishi kuliko shemeji.

Namba ikiwa mbaya unaweka bomba. Unatoboa sakafu, unachota udongo kwa mkono kupitia tundu, unasimamisha bomba jeupe mpaka juu ya paa, na kati yake unafunga feni inayoinyonya gesi kabla haijaingia ndani. Mara yangu ya kwanza kutoboa nilijiona fundi, sikuuliza maji yanapita wapi. Nilitoboa mrija wa maji. Besimenti ile iligeuka Ziwa Victoria, kasoro mamba tu. Mzee Mukendi alisimama kwenye ngazi akaniangalia nikizamisha kidole kwenye tundu, akaniambia nikae hivyohivyo hadi nizeeke. Tangu siku hiyo sitoboi hata chungwa bila kuuliza.

Sasa niwape la sheria, maana hapa ndipo wengi mnapopotea. Mnadhani Amerika ni moja. Vuka mto Potomac uone. Kule kwetu Shinyanga mnadani, mbuzi unamkagua mwenyewe. Umemfungua mdomo, umemshika mbavu, umemchukua. Akikohoa njiani, ni mbuzi wako huyo. Virginia ndiyo hivyo. Muuzaji wa nyumba anakupa karatasi ya serikali yenye maneno mengi, ukiyakamua unabaki na moja: mimi sisemi chochote, kapime mwenyewe. Ila anayepima kwa kulipwa lazima awe na cheti. Maryland muuzaji anachagua: ama aandike anayoyajua kuhusu nyumba, ama aseme anaiuza kama ilivyo, lakini hata hapo, hatari iliyojificha anayoijua hana ruhusa kuimeza. Na kuna kaunti moja ya Maryland, jirani kabisa na D.C., huuzi nyumba ya familia moja bila kupima radoni kwanza na kuonyesha majibu. Nchi ni moja, mto ni mmoja, na gesi chini ni ileile, haijui imevuka mpaka. Jambo hilo lilinishangaza siku ya kwanza na linanishangaza leo.

Nyumba ninayotaka kuwaambia ilikuwa Virginia, upande wa Sterling, karibu na yale majengo makubwa ya kompyuta yasiyo na madirisha. Mwenyewe Hamisi, Mtanzania mwenzangu wa Tanga, alikuwa mlinzi wa mojawapo zamu ya usiku. Akirudi asubuhi anapanda chumbani kwake juu, analala kama gogo hadi mchana. Alikuwa anauza kwa sababu kapata kazi Texas. Mama yake, Bi Mwanamkuu, alikuwa anaishi besimenti, mwaka wa saba huo, na chumba chake kilikuwa kizuri kuliko nyumba yote: kitanda cha mbao, mkeka wa ukili, na udi unaokupokea ngazi ya pili.

Aliyetaka kununua alikuwa Mercy, muuguzi Mkenya wa Nakuru, mfupi, mchangamfu, anayetembea kama amechelewa basi. Alikuwa anafanya kazi Falls Church na amechoka kukimbizana na foleni ya Beltway, ile barabara kuu inayoizunguka D.C. Mpango wake ulikuwa kuacha zamu, na besimenti ile iwe mahali pa kulelea watoto wadogo wa wenzake mchana kutwa. Alinionyesha kabisa: hapa watalala, hapa watatambaa. Kwa kuwa Virginia ni kapime mwenyewe, ndiye aliyetuita tupime.

Nikaenda. Kipimo kina sharti moja kubwa: nyumba ifungwe. Nusu siku kabla ya kuanza na siku mbili zote za kupima, madirisha yasifunguliwe. Mlango wa kuingilia unatumika kama kawaida, unatoka, unaingia, unafunga. Nikamweleza Hamisi, akaitikia huku akipiga miayo. Nikabandika karatasi ya kampuni mlangoni, ya Kiingereza, yenye herufi kubwa. Nikaweka mashine, nikaitegesha ianze baada ya nusu siku, nikala vitumbua vya Bi Mwanamkuu sitasema vingapi, tuseme mashine ilipima siku mbili na mimi nilipimwa siku nzima. Nikaondoka.

Namba ilitoka tatu na kidogo. Iko chini ya nne. Nikasaini ripoti, nikamtumia Mercy, akanijibu kwa maombi na baraka mpaka nikajiona mchungaji.

Mzee Mukendi alikuwa na tabia ya kukagua kazi zangu huku anakunywa chai. Siku hiyo aliitazama ile grafu ya mashine mpaka chai ikapoa. Akaniita.

"Shija, weye ulilala? Ona huu mustari. Hii nyumba inapumua."

Nikaangalia. Kweli. Mstari unapanda usiku kucha, tatu, sita, nane. Ikifika saa kumi na mbili asubuhi unaporomoka kama aliyeteleza kwenye ganda la ndizi. Unalala chini hadi mchana, halafu unaanza kupanda tena taratibu. Siku ya pili vilevile, saa ileile. Ukichanganya juu na chini ndiyo unapata ile tatu yangu nzuri. Na mimi nilisoma jibu la mwisho tu, kama mtoto anayefunua kitabu nyuma.

Udadisi ukanishika mpaka nikakosa hamu ya kula, na hilo kwangu ni habari ya gazetini. Nikafikiria tanuri la kupashia nyumba joto. Hapana, hilo lilikuwa linawaka mchana na usiku. Nikafikiria mashine mbovu. Tukaijaribu ofisini, nzima. Nikamwambia Mzee pengine ni jini lenye ratiba. Hakucheka. Alinionyesha mstari mwingine wa pembeni, wa joto la chumba: asubuhi saa ileile joto nalo linashuka. "Iko mutu anafungula dirisha," akasema. "Utaenda kurudia kupima. Kisha utamwambia yule mama wa Kenya, weye mwenyewe, kwa kinywa chako."

Nikasema Hamisi ni ndugu yetu, anaondoka wiki ijayo, mikataba inasainiwa Jumatatu.

"Mashini haina ndugu," Mzee akasema. "Weye ndiyo uko na ndugu. Ndiyo sababu tunanunua mashini."

Nikarudi Sterling. Nikiri kosa langu la pili: sikumwambia Hamisi ukweli, nilisema mashine ilikuwa na wasiwasi kidogo. Akasema sawa, akapanda kulala. Mimi nikashuka kwa Bi Mwanamkuu, nikamwamkia, nikamuuliza kwa mzunguko mrefu asubuhi huwa anafanya nini. Akanishangaa kama nimemuuliza maji yanalowesha vipi. Akaniambia akishaswali alfajiri anafungua dirisha, kwani yeye ni nani alale amefunga mlango riziki ikipita? Riziki hutembea mapema, ikikuta pamefungwa inakwenda kwa jirani. Hata mwezi wa pili na theluji nje? Hata theluji. Anajifunga kanga mbili na koti la mwanawe, anakaa na tasbihi yake hadi karibu na adhuhuri, anafunga kabla Hamisi hajaamka, maana Hamisi hulalamika baridi. Na ile karatasi ya mlangoni? Alidhani ni tangazo la kuuza nyumba.

Ndiyo hilo nawaambia nyie mnaoingia kazi za nyumba za watu. Usimweleze mwenye jina kwenye hati ukadhani umemaliza. Mweleze anayeshinda ndani. Hakuna darasa litakalokufundisha hilo, na lilinigharimu aibu.

Nikamwomba siku mbili na nusu asifungue dirisha. Akakunja uso. Akaniuliza kama nataka nifunge riziki ya mwanawe wiki anayohamia mji mgeni. Nikabaki nachezea kamba ya mashine. Akafikiri, akauliza: na mlango wa mbele, je, nao umekatazwa? Nikamwambia kutoka na kuingia ruhusa, bora usiuache wazi. Basi, akasema, riziki haina unene. Siku zile akawa anapanda juu alfajiri, anafungua mlango, anatoka kibarazani, anasoma dua yake, anaingia, anafunga. Mashine haikulalamika, na mimi nikajifunza kuwa fatwa inapatikana hata kwa radoni.

Namba ya pili ilitoka kumi na moja.

Nilimkuta Hamisi jikoni ameamka. Nikamwonyesha, na safari hii nikamweleza yote, la dirisha, la grafu, na la mimi kudanganya. Alikoroga chai isiyo na sukari. Kisha akaongea kwa sauti ya chini, ya mtu aliyechoka, si ya mtu mbaya. Karatasi ya kwanza si imeshatoka, kaka? Mnunuzi ameikubali. Sheria ya hapa haimlazimishi yeye muuzaji kusema. Jumatatu watu wanasaini, Alhamisi yeye anaanza kazi Texas, akikosa hiyo nafasi haipo nyingine. Mercy anaweza kupima tena mwenyewe akishahamia. Kwani mimi Shija nimeona nini?

Vijana, ningependa kuwaambia nilimjibu palepale kama simba. Sikumjibu. Nilifikiria cheti changu, kwamba ile ripoti ya kwanza yenye kosa ina sahihi yangu. Nilifikiria vitumbua. Nilikuwa natafuta neno la kuwa rafiki wa kila mtu, na lugha zote nne ninazozijua hazikuwa nalo. Nilichofanikiwa kusema ni kwamba sheria haimlazimishi yeye, lakini mimi niliitwa na Mercy nimpimie, na nimempa namba ya uongo. Nikampigia Mercy simu nikiwa mbele yake.

Mercy hakuwa mbali, alikuwa anakuja kupima zulia la watoto. Aliingia na futi yake mkononi na furaha yake. Tukakaa sebuleni: yeye, mimi, na Hamisi aliyekuwa anaangalia vidole vya miguu yake. Bi Mwanamkuu alikuwa besimenti, tunasikia redio yake ndogo. Nikamweleza Mercy nilikosea wapi. Nikasema kumi na moja. Nikamweleza la bomba na feni, kwamba namba hiyo inashuka, nyumba nyingi tumezishusha, lakini kwanza ajue, na kama anataka kuacha kununua, ripoti mpya ni yake, amwonyeshe dalali wake.

Hakupiga kelele.  Aliikunja futi polepole hadi ikaisha. 

Halafu Mercy akauliza kitu kimoja, na hakuniuliza mimi, alimwuliza Hamisi.

"Na shosho, leo analala wapi?"

Shosho kwa wenzetu wa kule ni bibi. Hamisi akaanza kumwambia kwamba mama yuko chini, chumba chake kiko chini, amekizoea. Katikati ya sentensi akasita. Nilimwona akihesabu miaka usoni. Saba. Alikuwa amenisikia nikitaja namba mara mbili siku ile, na mara zote mbili aliisikia kama namba ya nyumba ya kuuza. Hakuisikia kama namba ya pumzi ya mama yake, anayenusurika nusu siku kwa sababu ya dirisha alilokuwa anamlalamikia.

Alinyanyuka, akashuka. Tukasikia redio inazimwa, na Bi Mwanamkuu anauliza kuna moto au kuna polisi. Hamisi akamwambia anahamia juu, chumbani kwake, yeye atalala kwenye kochi. Mama akasema hahami mchana kama aliyefukuzwa, na kitanda hicho kilikuja huku kwa meli, hakipandi ngazi. Hamisi hakubishana. Alirudi ngazini akivuta godoro peke yake, limemkwama kwenye kona, jasho linamtoka, na mama yake nyuma amebeba mto mmoja na kutoa amri za watu kumi.

Nikaenda kushika upande wa juu. Mercy alivua koti la kazi akalitundika kwenye kiti, akashuka akapita pembeni yetu kwa ufupi wake ule, akashika upande wa miguu. Mpaka hapo hakuwa amesema ananunua wala hanunui, na hakuna aliyethubutu kumwuliza. Tukavuta. Tukapumzika ngazi ya tano, kila mtu anahema. Hamisi akasema, bila kumtazama, kwamba bomba atalilipia yeye kabla ya Jumatatu, na lisipowahi, Jumatatu isogee.  Mercy alifuta uso kwa mkono wa blauzi, akanigeukia.

"Sasa fundi, nieleze. Hilo bomba litapita wapi?"

Nikamwonyesha kwa kidevu, kule chini kwenye kona nyuma ya kitanda, maana mikono yote ilikuwa kwenye godoro.